Kinga Niliyojipimia Mwenyewe

Kwetu Kindu baiskeli tunaiita kinga. Ya kwanza kupita mikononi mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mume wangu, aliyeinunua kabla ya vita, wakati treni bado zinafika na yeye ni karani wa mizigo kwenye stesheni. Alikuwa mrefu, mtu wa kuinama kila akipita mlangoni, na kinga aliichagua ilingane naye: magurudumu makubwa, kiti kilichoinuka, na chuma kinene kilichotoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Mimi kichwa changu kilimfika kwapani. Siku za amani jambo hilo halikunihusu. Niliketi nyuma, miguu upande mmoja, tukaenda kanisani na kurudi.

Vita vilipotufikia, treni ziliacha kuja. Boti nazo zikaacha. Mji ukabaki umezungukwa na msitu na watu wenye bunduki, wa huku na wa kule, na chumvi ikawa inakuja kwa ndege, kidogo kidogo, ikauzwa kwa kijiko. Wanaume wenye kinga wakaanza kuzisukuma kufuata njia ya reli mpaka Kibombo. Walikwenda na chumvi na sabuni, wakarudi na mawese na mchele. Hawakupanda. Kinga iliyobeba magunia haipandwi; unatembea pembeni yake unaisukuma, kama mtu anayemrudisha nyumbani mgonjwa asiyetaka kwenda.

Mume wangu alifanya safari mbili. Kabla ya ya tatu, majirani zetu wawili walikamatwa njiani wabebe masanduku ya risasi, na hawakurudi. Tangu siku hiyo mume wangu hakuvuka ua wa nyumba. Kwa hilo sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Lakini asubuhi moja nilimkuta ameegemeza kinga kwenye ukuta wa jiko, gunia la chumvi limekwisha kufungwa.

Akaniambia, "Wanawake hawakamatwi kubeba."

Alisema nusu ya kweli. Wanawake hawakukamatwa kubeba. Walikamatwa kwa nini, tulijua wote wawili, na hakuna aliyelitaja. Nikafunga kitenge vizuri, nikashika usukani.

Kusukuma kinga yenye mzigo kunataka fimbo mbili. Moja hufungwa kwenye usukani itokeze kando, ili uongoze gurudumu la mbele ukiwa unatembea pembeni. Ya pili husimamishwa wima nyuma ya kiti, na hiyo ndiyo unayoishika kusukuma ukipanda na kuzuia ukishuka. Zile fimbo mume wangu alizikata kwa kipimo chake. Ya nyuma ilinipita kichwa. Mahali alipoifunga kamba ya kushikia palikuwa juu ya sikio langu, na chini ya hapo gunia lilijaa, hapakuwa na nafasi ya mkono. Kwa hiyo nilisukuma mkono ukiwa juu, bega la kulia limepanda, kiuno kimejipinda upande wa kushoto. Nilimwomba azipunguze. Alisema amani itarudi karibuni, naye atazihitaji, na mti ule mgumu haupatikani ovyo.

Basi mimi ndiye niliyejirefusha.

Tulikuwa tunakwenda kwa msururu, watu kumi au kumi na wawili, na mara nyingi mwanamke nilikuwa peke yangu. Wanaume hawakunifurahia. Aliyelalamika zaidi alikuwa muuza sabuni mmoja wa makamo, Mwislamu wa Kibombo, mtu mkali wa maneno machache. Alisema ninawachelewesha, na kwamba kwenye vizuizi vya askari mwanamke analeta maneno. Mambo ya vizuizi siyaandiki. Walichukua chumvi, walichukua sabuni, na siku nyingine walichukua muda wao.

Siku ya tatu ya safari yangu ya kwanza, muuza sabuni alisimamisha kinga yake mbele yangu, akachomoa panga, akanionyesha fimbo yangu ya nyuma. Alitaka kuikata. Nilimzuia. Nilimwambia fimbo ni ya mume wangu, sikupewa ruhusa.

Akanitazama kama anayetazama mtu mjinga, na pengine nilikuwa hivyo. "Dada," akasema, "bwana yako haiko hapa. Mugongo yako njo iko hapa."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilimwogopa mume wangu aliyekuwa nyumbani kuliko mgongo niliotembea nao. Panga likarudi kwenye ala.

Nilifanya safari nyingi, sikuzihesabu. Kwenda siku nne, kurudi siku tano, kwa sababu mawese ni mazito na yanacheza ndani ya dumu. Nilijifunza kulala na mguu mmoja juu ya gurudumu ili nishtuke likiguswa. Nikiwa nyumbani, kwenye kioo kidogo cha mume wangu, niliona bega la kulia limeanza kubaki juu hata nisiposhika kitu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliliona pia. Aliwaambia wanawake kisimani kwamba natembea kama mwanaume.

Kisha nikapata mimba. Ilipofika mwezi wa nne nikamwambia mume wangu kwamba tumbo limeanza kuwa zito njiani, na kwamba nyonga inauma. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema chumvi iliyofika juzi itapanda bei kule Kibombo, basi niende mara hii moja, halafu nitapumzika. Niliamini, au nilitaka kuamini.

Ilikuwa wakati wa kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na njia inashuka kuelekea kijito fulani chenye daraja la magogo. Kwenye mteremko mtu hurudi nyuma, hushika fimbo ya wima chini, karibu na kifua, na kuuzuia mzigo kwa uzito wa mwili wake. Mimi kifua changu hakikufika pale. Nilikuwa nimening'inia kwenye fimbo ile kwa mkono mmoja, na madumu manne yakanivuta. Nilipaswa kuachia. Nilifikiria mafuta, sikuachia. Kinga ilikimbia hatua chache, gurudumu la mbele likaingia kati ya magogo, na vyote vikageuka: ncha ya fimbo ikanipiga tumboni, na madumu yakaniangukia kwenye nyonga ya kushoto.

Wanaume walininyanyua. Kijiji kilikuwa karibu, na mwanamke mmoja asiyenijua alinipokea nyumbani kwake, akanilaza kwenye mkeka wake. Mtoto alitoka kabla ya jua kuzama. Mwanamke yule alimzika nyuma ya nyumba, akaja kuniambia alikuwa wa kiume. Sikumuuliza. Alidhani nitataka kujua.

Msururu uliondoka kesho yake, kwa sababu hauwezi kungoja. Muuza sabuni alibaki. Aliacha mzigo wake wote kwa watu wa kijiji kile, akafunga kinga yake pamoja na vitu vyangu viwili vitatu kwenye baraza la nyumba, akachukua kinga ya mume wangu, akatandika matawi na kitenge nyuma ya kiti, akaniweka juu. Alinisukuma siku tatu. Ile fimbo ya nyuma ilikuwa imevunjika yenyewe pale kwenye magogo, ikabaki kipande kinachomtosha mtu wa kimo changu. Nilikuwa naitazama njia nzima. Yeye alikuwa ananiambia nisilale, na akisikia sijibu anagonga chuma cha kinga kwa pete yake.

Tulipoingia uani, mume wangu alitoka ndani. Aliniona, kisha akaona gurudumu la mbele lililopinda. Akaizunguka kinga, akatazama nyuma.

"Mafuta iko wapi?" akauliza.

Muuza sabuni ndiye aliyemjibu. Alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mafuta yako kwenye kijito, na mtoto wake yuko nyuma ya nyumba ya watu. Kisha alikataa maji aliyoletewa, akaondoka kwa miguu kurudi alikoacha mzigo wake. Sikumwona tena. Miaka iliyofuata niliwauliza watu wa Kibombo. Wengine walisema alikufa kwa kipindupindu, wengine walisema alihamia Kasongo. Sikuwahi kumshukuru, kwa sababu siku ile sikuwa na sauti.

Nyonga iliunga vibaya. Hospitali wakati ule ilikuwa na kuta na wauguzi, dawa haikuwa nayo. Mguu wa kushoto ukabaki hauinuki kupita goti la mguu wa kulia, na sikupata mimba nyingine. Vita viliisha jinsi vilivyoisha. Treni ya kwanza ilipoingia watu walikimbia kuigusa, na mume wangu alivaa shati lake la kazi. Mwaka haukupita, wifi alisema waziwazi nyumbani kwetu kwamba tumbo lililosukuma kinga kama mwanaume haliwezi tena kubeba mtoto. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali. Mume wangu alisema ni lazima aoe mwingine, na kwamba naweza kubaki kama nitanyamaza.

Sikubaki. Nilivuka mto kwenda Alunguli, kwa shangazi yangu aliyekuwa fundi cherehani, nikiwa na mfuko mmoja wa nguo. Kinga ilibaki kwa mume wangu. Alikuwa amekwisha kulinyoosha gurudumu na kukata fimbo mpya.

Kwa shangazi nilijifunza kazi. Alipofariki cherehani ikawa yangu, na wateja wake wakawa wangu. Ninashona kanzu za wanaume wa msikitini, sare za kwaya, magauni ya arusi. Wateja wengi wanakaa ng'ambo ya pili, huko mjini, na wanawake wenye uwezo hupenda kupimwa nyumbani kwao. Kwa miaka mingi nilikwenda kwa pikipiki za kukodi. Kupanda pikipiki kwa mtu mwenye nyonga kama yangu ni kuomba msamaha kila mara: dereva angoje, abiria wengine wacheke, mtu anishike mguu anivushe. Na kila shimo la barabara linaingia moja kwa moja kwenye mfupa. Nikirudi nyumbani nilikuwa nashona nimesimama.

Ndipo kinga za umeme zilipoanza kuonekana mjini. Zinakwenda kwa betri, ukikanyaga kidogo zinakusaidia. Niliona moja ikipanda mteremko kutoka bandarini, mwenye kuiendesha ana tumbo kubwa na hahemi. Nilisimama nikamtazama mpaka alipopotea. Nikaweka akiba mpaka ikatosha, na mwaka jana, nikiwa nakaribia miaka hamsini, nilikwenda dukani na utepe wangu wa kupimia shingoni.

Muuzaji alikuwa mwanaume mwenye adabu. Aliuliza kama ninamnunulia mtoto wangu. Nilimwambia ni yangu. Akauliza bwana yangu amesemaje. Nilimwambia sina. Akanipeleka kwenye ile kubwa nyeusi iliyokuwa mbele ya duka, akanisifia nguvu yake na mwendo wake. Ilikuwa na kile chuma cha juu. Nilikitambua kabla hajamaliza kusema.

Nilimwambia mguu wangu hauinuki. Alicheka kidogo, akidhani natania, akasema nitazoea.

"Nimekwisha kuzoea moja," nikamwambia. "Hii itanizoea yenyewe."

Fundi wa nguo haamini jicho. Mtu akisema gauni litamtosha, mimi nampima. Nyumbani nilikuwa nimesimama ukutani bila viatu, nikapima kutoka mapajani hadi kisigino, mguu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu haifanani tena. Nilipima mkono kutoka begani hadi kwenye kiganja. Pale dukani nikaanza kupima kinga. Muuzaji akakunja mikono akinitazama, na mafundi wake wawili wakaacha kazi.

Niliwaambia pia jinsi ninavyokwenda. Mimi siendi mbio. Ninasimama kila baada ya nyumba chache, na kila nikisimama nataka miguu yote miwili ifike chini nikiwa bado nimekaa. Barabara zetu za Alunguli ni mchanga, na mvua ikinyesha ni tope. Na kila siku navuka mto kwa mtumbwi, kwa hiyo kinga ni lazima inyanyuke.

Ndogo yenye magurudumu kama sahani ilikuwa nyepesi, lakini magoti yaligonga usukani, na magurudumu yale yangezama mchangani. Nyingine ilikuwa na fremu iliyoinama chini kama shingo ya bata, nikapita katikati bila kuinua mguu, nikafurahi. Nilipojaribu kuinyanyua sikuweza kuitoa ardhini. Ya nne ilikuwa kama hiyo, na betri yake inachomolewa kwa ufunguo. Nikaichomoa, nikainyanyua kinga upande wa nyuma, ikakubali. Nikaketi. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa sakafu, na usukani ulikuwa mbali, bega la kulia likaanza kupanda lenyewe.

Muuzaji alisema hiyo sasa ni kipimo changu, tumalize. Nilimwambia ashushe kiti na auvute usukani karibu. Fundi mmoja alikuja na ufunguo wa nati. Alizungusha, akasukuma kiti chini, akakaza. Akalegeza usukani, akaupandisha, akaulaza upande wangu, akakaza. Ilichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Nikaketi tena, na nyayo zote mbili zikatua sakafuni.

Watu wanadhani nilifurahi. Muuzaji alitabasamu akingoja nifurahi. Kilichonipanda kifuani kilikuwa hasira, na ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliomba maji. Dakika chache na ufunguo mmoja. Kule njiani ingekuwa pigo moja la panga, na panga lilikuwa limechomolewa, na mimi ndiye niliyesema hapana. Nilikuwa nimebeba kwa miaka hasira dhidi ya mume wangu. Siku ile niligundua kuna nyingine, dhidi yangu mwenyewe.

Nikalipa, nikaondoka nayo. Inakwenda vizuri. Betri naichaji kwa jirani mwenye paneli za jua, na mtumbwini naishika mapajani. Nyonga bado inauma, lakini jioni naweza kuketi kwenye cherehani.

Miezi mitatu baadaye mwanamke mmoja wa karibu na stesheni alituma habari kwamba anataka gauni la kuvaa kwenye arusi ya binti yake. Nilikwenda. Nilipoingia uani nilimwona mume wangu wa zamani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, upande mmoja wa mwili umelegea. Yule mwanamke alikuwa mke wake. Alijua mimi ni nani. Aliniambia kwa heshima kwamba hakuna anayeshona vizuri kama mimi, na kwamba kama sitaki ataelewa. Nilisema kazi ni kazi.

Nilipomaliza kumpima, mume wangu aliniita. Alikuwa anaitazama kinga. Aliuliza inakwenda mbali kiasi gani, na betri inadumu vipi, maswali ya karani. Nikajibu yote. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelipanga kichwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimuuliza kwa nini hakuzikata zile fimbo.

Alinitazama, mdomo umekwenda upande, anatafuta.

"Fimbo gani?" akasema.

Nilimweleza: za kusukumia kinga, wakati wa vita, nilizomwomba azipunguze. Alifikiri kweli. Sikuona hila usoni mwake. Alisema hakumbuki fimbo. Anakumbuka kwamba wakati ule tulipoteza madumu manne ya mawese, na kwamba kilikuwa kipindi kigumu. Mke wake alikuwa mlangoni, aliinamisha macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, au kwa msamaha, na hata kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Gauni nililishona vizuri. Nililituma kupitia mtu mwingine.

Siku hizi wanawake wengine wanaotaka kinga za umeme hunifuata kwanza. Wa kwanza alikuwa mwalimu, wa pili muuza samaki anayeleta bidhaa kutoka Lokandu. Muuzaji hapendi kuniona, kwa sababu mteja akija na mimi hanunui ile ya mbele. Wiki iliyopita nilikwenda na mjane mmoja kutoka Pangi. Ujana wake wote alibeba mawe ya madini mgongoni kutoka machimboni hadi barabarani, na shingo yake imezama mabegani. Nilimpima mikono, miguu, mgongo. Nilipofika begani nikaona mahali kamba ilipokuwa inapita, ngozi ngumu kama kisigino. Aliniuliza kama mwili kama wake unaweza kupata kinga ya kuufaa, au asijisumbue.

Nikamwambia fundi ashushe kiti, kisha nikamwambia mjane apande.